Trekta ikikuonyesha nambari, isome kabla ya kununua kipuri

Haya ni mazungumzo ya afisa wa mitambo ya kilimo wa kaunti kwa wakulima, madereva wa trekta na mafundi waliokutana katika uwanja wa kituo cha mitambo kabla ya msimu wa upanzi. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria na kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

Naomba niingie moja kwa moja kwenye shughuli iliyotuleta, maana naona kuna wengine wameacha ng'ombe bila maji.

Tunazungumza juu ya zile nambari zinazotokea kwenye dashibodi ya trekta wakati taa ya manjano au nyekundu inapowaka. Mafundi wengi huziita kodi. Kuna siku nilimwambia mzee mmoja kwa simu kwamba trekta yake "imetoa kodi", naye akaniuliza kwa hasira ni kodi gani tena kaunti imeleta ilhali ameshalipa ya soko. Tangu siku hiyo mimi husema nambari za hitilafu, na leo nitasema hivyo hivyo.

Kama una Massey Ferguson ya zamani, ile yenye pampu ya dizeli isiyojua kompyuta ni nini, haya hayakuhusu sana. Hizo hazina nambari. Zina moshi na mlio, na dereva mzuri anazielewa. Lakini baadhi ya trekta zinazonunuliwa sasa, zikiwemo za farasi 75 na 90 zinazovuta plau, zina kompyuta inayosimamia injini. Hiyo ndiyo inayowasha taa na kuandika nambari.

Nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nimekuja kuwahubiria. Kabla ya kuajiriwa na kaunti nilifanya kazi kwenye gereji moja. Mwezi wa Machi, mvua ikiwa inanukia, mkulima mmoja alituletea trekta yake ya farasi 75. Ilikuwa inawaka vizuri na kutembea vizuri, lakini ikishusha plau na kuvuta kwa robo saa inaishiwa nguvu, taa ya manjano inawaka, na skrini inaonyesha 157.18. Tuliitazama ile nambari, tukatazamana, tukasema: pampu. Pampu ya presha kubwa ikaagizwa Nairobi na kuchukua siku tisa kufika. Ili kuilipia, mkulima aliuza ng'ombe wawili wa maziwa. Tukaifunga, tukawasha injini, ikanguruma vizuri, tukapeana mikono. Akarudi shambani. Robo saa baada ya kuanza kulima, 157.18.

Dereva wake, kijana mdogo tu, alikuwa ametuambia siku ya kwanza kwamba trekta ikizimwa na kupumzishwa dakika kumi inarudi na nguvu zake zote. Tulimsikia lakini hatukumsikiliza. Pampu iliyochakaa haipumziki ikapona. Tulipofungua tangi safari ya pili tukakuta kile kibandiko chembamba kinachoziba mdomo wa mtungi mpya wa oili. Mtu alijazia dizeli kwa mtungi huo, kibandiko kikadondoka ndani. Injini ikifanya kazi nzito na kuvuta dizeli nyingi, kinafyonzwa na kuziba mdomo wa bomba. Injini ikizimwa, kinaachia na kuelea. Kukitoa hakukumaliza hata saa moja.

Majirani zake walikuwa wameshapanda. Yeye alipanda wiki tatu baadaye, na jua lilimkuta mahindi ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Duka la vipuri halikukubali kurudishiwa pampu iliyokwisha kufungwa. Gereji ilimrudishia pesa za kazi. Za pampu hakuna aliyemrudishia.

Sasa tazameni. Ile nambari haikutudanganya. Ilisema presha ya dizeli iko chini kuliko inavyotakiwa. Haikusema pampu. Neno pampu tulilitia sisi wenyewe.

Kompyuta ya injini haioni dizeli, haioni oili, haioni maji. Inaona umeme tu, unaoletwa na sensa kupitia waya. Umeme ukiwa wa kiasi fulani, kompyuta inaelewa kwamba maji yana joto la nyuzi 85. Umeme ukiwa nje ya kiasi kinachowezekana, inaelewa kwamba waya au sensa ina matatizo. Kwa hivyo kila nambari ni ripoti ya kile kompyuta ilichokiona kutoka pale ilipofungwa, kama askari wa lango anayeandika kwamba mtu amepita usiku. Ni nani aliyepita, na alikuwa anatafuta nini, hiyo ni kazi yako.

Trekta nyingi hufuata utaratibu uitwao J1939, uliowekwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Katika utaratibu huo nambari ina sehemu mbili. Sehemu ya mbele inataja kitu kinachopimwa, sehemu ya nyuma inataja kina ugonjwa wa namna gani. John Deere, kwa mfano, huziandika pamoja na nukta katikati, na sufuri mbele, kama 000110.16. Ile 110 ni joto la maji ya injini. Nyingine ambazo mtakutana nazo ni 100, presha ya oili. 157, presha ya dizeli ndani ya lile bomba la pamoja linalolisha injekta zote, ambalo mafundi huliita komoni reli. 168, nguvu ya betri. Na 97, maji ndani ya dizeli. Watengenezaji wengine wana orodha zao, na wengine huandika herufi P na tarakimu nne kama kwenye magari. Ndiyo maana kile kitabu kinachokuja na trekta hakifai kuwekwa kabatini pamoja na hatimiliki ya shamba. Kiwe kwenye trekta, ndani ya mfuko usioingiza maji.

Wengi huruka sehemu ya nyuma, na hapo ndipo pesa hupotea. Ikiwa 0, 15 au 16, maana yake kipimo kimepita juu kuliko inavyofaa. 0 ndiyo kali zaidi. Ikiwa 1, 17 au 18, kimeshuka chini kuliko inavyofaa. 1 ndiyo kali zaidi. Hizo zinazungumza juu ya injini yenyewe: joto, presha. Lakini ikiwa 3 au 4, umeme kwenye waya wa sensa uko juu mno au chini mno. Na 5 mara nyingi ni waya uliokatika. Hizo zinazungumza juu ya nyaya. Basi ukiona 110.16, nenda kwenye redieta: makapi yameziba wavu, mkanda wa feni umelegea, maji yamepungua. Ukiona 110.3 au 110.4, redieta haina kosa, nenda kwenye plagi ya sensa. Mtu akikuuzia sensa kwa sababu ya 110.16, au akikuoshea redieta kwa sababu ya 110.3, amesoma nusu ya barua.

Hapa kuna jaribio ambalo hata mkulima anaweza kulifanya. Asubuhi, kabla injini haijawashwa tangu jana, fungua ufunguo bila kuwasha na usome joto la maji kwenye skrini, kama trekta yako inalionyesha. Linapaswa kukaribia joto la hewa ya asubuhi hiyo. Likisoma nyuzi 90 wakati wewe umevaa koti, kipimo ni cha uongo, na hakuna haja ya kugusa redieta.

La pili ni la mafundi. Sensa ya joto ina waya mbili. Skrini ikionyesha 110.4, chomoa plagi ya sensa na uangalie. Nambari ikibadilika kuwa 110.3, basi waya ni mzima na kompyuta ni nzima, maana vyote viwili vimetambua kwamba umechomoa. Sensa yenyewe ndiyo mbovu, nunua kwa amani. Ikikwama pale pale kwenye 110.4, usinunue sensa. Kuna mahali waya umekwaruzika na kugusa chuma, au panya amekula ngozi yake. Nimesema panya na mmecheka, lakini trekta inayolala kwenye ghala moja na magunia ya mahindi tangu Septemba hadi Februari, mwaiweka hapo na mgeni wake.

Na kama nambari nne au tano zimetokea kwa pamoja, za vitu visivyohusiana, tulieni kwanza. Vitu vitano haviharibiki asubuhi moja. Pima betri kwa mita ya umeme. Ikiwa imepumzika na imejaa itasoma karibu volti 12.6. Injini ikipigwa stata, ikishuka chini ya volti 10 kwa mbali, kompyuta inaanza kuweweseka na kuandika mambo. Injini ikiwa inanguruma, altaneta inapaswa kuleta kama volti 14. Halafu fuata ule waya mnene mweusi wa betri hadi pale unapofungwa kwenye mwili wa trekta, uufungue, uisugue rangi na kutu, uufunge tena. Nimeona trekta ikipona kwa msasa wa shilingi chache. Betri ikiwa sawa, kumbuka pia kwamba sensa kadhaa hupewa umeme wa volti 5 kutoka mahali pamoja. Sensa moja ikipiga shoti inawanyima wenzake, na wote wanalalamika. Chomoa moja baada ya nyingine. Ukimchomoa mkosaji, wengine wananyamaza.

Nikiwa hapo kwenye umeme, mambo mawili yanayoua kompyuta za trekta. La kwanza, kuazima umeme wa lori. Lori nyingi zina betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24. Trekta yako inataka 12. La pili, kuchomelea. Mtu ana ufa kwenye mkono wa kipakiaji, anamwita fundi wa kuchomelea, na fundi anafunga waya wake popote penye chuma. Umeme unapita kwenye kompyuta ukitafuta njia. Kabla ya kuchomelea, toa waya zote mbili za betri, chomoa plagi za kompyuta kama kitabu kinavyoagiza, na klampu ya mashine ifungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa.

Turudi kwenye 157, maana msimu ukianza ndiyo itakayowasumbua. Anza na kisicho na gharama. Dizeli ipo? Legeza kifuniko cha tangi ufanye kazi kidogo; tundu lake la kupumulia likiziba, tangi linanyonya hewa isiyopatikana na dizeli inakataa kuja. Toa maji kwenye kile kikombe cha chini ya filta. Badilisha filta, na uikate ile ya zamani uone imebeba nini. Weka kipande cha mpira mwangavu kwenye njia ya dizeli kabla ya pampu, utazame kama kuna mapovu. Mapovu ni hewa inayoingia kwenye kiungo fulani kilicholegea. Chungulia ndani ya tangi kwa tochi. Pima pampu ndogo inayoleta dizeli. Pima dizeli inayorudi kutoka kwa injekta, kwa sababu injekta inayovuja inaishusha presha vilevile. Ukimaliza yote hayo, ndipo utamke neno pampu kubwa. Orodha hii nimeipanga kwa bei, wala si kwa elimu.

Lakini mafundi, nisikilizeni hapa kuliko mahali pengine. Sisi tuliojifunza kwa injini za zamani tuna mazoea: injini ikikosa silinda moja, unalegeza nati ya bomba la injekta huku ikinguruma, usikie ipi haibadilishi mlio. Kwenye injini ya komoni reli, usiguse nati hiyo injini ikiwa inawaka. Presha mle ndani hupita bar 1,000, na nyingine hufika 1,600 na zaidi. Gurudumu la nyuma la trekta lina bar moja na kitu. Dizeli ikitoka kwa nguvu hiyo inapenya ngozi, hata glavu. Kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba, hakiumi sana, na mtu anarudi kazini. Kesho mkono umevimba, na wengine wameishia kukatwa kidole au mkono mzima. Likimpata mtu, apelekwe hospitalini saa ile ile, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni dizeli ya presha iliyoingia mwilini. Uvujaji unatafutwa kwa kipande cha katoni, injini ikinguruma, mkono ukiwa mbali. Na ukizima injini, subiri kama kitabu kinavyosema kabla ya kufungua chochote.

Dizeli yenyewe pia ni jambo la kuangaliwa. Pampu hizi zinalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Mwaka wa 2018 serikali ya kitaifa iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwaondolea faida wanaoyachanganya na dizeli, lakini dizeli ya mtungi kando ya barabara huwezi kuiapia. Ukinunua kwa mtungi, nunua mahali unapopajua, iache itulie usiku mmoja, na ile ya chini kabisa usiimimine kwenye tangi.

Wale wanaofikiria kununua trekta iliyotumika kutoka Ulaya au Marekani, ya miaka ya baada ya 2013 na yenye nguvu zaidi ya farasi 25, waulize kwanza kama ina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na linataka injini ifanye kazi ya maana kwa muda mrefu. Trekta inayowashwa dakika kumi kubeba nyasi na kuzimwa itakuletea nambari za chujio kila wiki. Trekta si mbovu. Haijapata kazi.

Na oili. Skrini ikisema 100.1, au taa nyekundu ya oili ikawaka, zima. Usimalize mstari, usifike kivulini. Presha ya oili imeshuka kiasi cha hatari, na injini inaweza kujiua kabla hujafika mwisho wa shamba. Ukishaizima pima oili kwa kijiti, na hata ukiikuta imejaa usiiwashe tena hadi fundi apime presha kwa geji ya mkono. Huenda ni sensa tu. Afadhali tukucheke kwa kusimama bure.

Madereva, haya ni yenu. Taa ikiwaka, kabla ya kuzima au kufuta chochote, piga picha ya skrini kwa simu. Andika saa za injini, joto, na ulikuwa unafanya nini: unavuta plau mlimani, unasimama, unawasha asubuhi, mvua ilikuwa inanyesha, jana mtu aliosha injini kwa mashine ya presha. Angalia pia kama nambari ipo sasa hivi au ni ya zamani iliyohifadhiwa, kwa sababu kompyuta hutunza zote mbili na fundi mwenye haraka huweza kutibu ugonjwa wa mwaka jana. Trekta za kituo hiki zina daftari chini ya kiti, na dereva anayerudi na nambari iliyoandikwa hatakatwa chochote wala kugombezwa. Anayeifuta akanyamaza, huyo tutazungumza naye. Na mafundi, muulizeni dereva kabla ya kufungua boneti. Mimi nilimlipisha mtu ng'ombe wawili kwa kutomsikiliza kijana.

Swali nililoulizwa na mama pale mbele kabla hatujaanza: je, anunue ile mashine ya kusomea ya fundi wa magari wa sokoni? Mama, ile plagi yake haitaingia. Ya magari ina matundu 16, ya trekta nyingi ni ya duara yenye pini 9. Na mara nyingi huhitaji mashine kuiona nambari, kwa sababu skrini ya trekta yenyewe inaionyesha ukifuata kitabu. Ukishaisoma, mpigie afisa wa nyanjani wa wadi yako naye atakuunganisha nasi. Kumuuliza nambari ina maana gani hakulipiwi.

Maneno yametosha. Ile trekta ya buluu pale chini ya mwembe haijawashwa tangu jana. Tuisogelee, madereva watangulie. Tutasoma joto la maji kabla ya kuiwasha, kisha nitamwomba mmoja wenu achomoe plagi ya sensa, na wengine wote mtazame skrini mniambie imeandika nini.